Bonde Lililokataa Bomba

Lubumbashi, 3 Juni 2023

Yaya Berthe,

Dada yangu, simu yako inalia mpaka inachoka. Idi dereva ameniambia unaisikia, unaitazama, halafu unaiacha. Ameniambia pia umesema maneno ya simu hayana mahali pa kutia sahihi. Haya, mwalimu, nimeketi, nimeshika kalamu. Idi atakuletea hii akipakia abiria wa Likasi kesho.

Biro yetu, ofisi ya mipango miji, imepewa kazi ya kuchora upya mji wa Likasi: wapi pajengwe, wapi palimwe, maji machafu ya vyoo yapite wapi. Bonde letu la Kansenge liko juu ya meza yangu. Kuna wakubwa wanaotaka bomba la maji machafu lishuke bondeni kutoka upande wa Panda. Usifurahi haraka. Bomba ni ghali, haliwekwi kwa ajili ya nyumba thelathini na nane zenye bustani. Likipita, kila lupango, nyumba na kiwanja chake, utakatwa vipande vinne au vitano ili watu wawe wengi wa kulitumia. Nimeona kwingine. Mwaka wa kwanza wanajenga, mwaka wa pili wanajenga, mwaka wa tatu huoni hata tuta moja la mchicha.

Njia nyingine ipo, nami ndiye niliyeiandika. Bonde libaki eneo la mashamba, malupango yasikatwe. Kila lupango uwe na choo kimoja tu, nacho kiwe meta thelathini kutoka kisima chochote. Hapo udongo wenyewe unasafisha, bomba halihitajiki. Nikiionyesha tume kwamba Kansenge yote inafuata sheria hiyo, bonde limepona.

Gari la biro limekufa, siwezi kuja kupima. Nakutumia kamba ya meta thelathini kwa mkono wa Idi. Pima kila nyumba, chora, niletee. Usimwonee mtu haya.

Mdogo wako,
Damas


Kansenge, 19 Juni 2023

Damas mdogo wangu,

Barua yako imefika, imekunjamana ndani ya mfuko wa Idi, lakini inasomeka. Mwandiko wako ni ule ule wa darasa la tatu. Walimu wako tulifanya tuliloweza.

Nimeisoma kanisani baada ya ibada na hakuna aliyesinzia, jambo ambalo mchungaji hajalipata mwaka huu. Unajua bonde hili ni nini kwetu. Kampuni ya madini ilipofunga milango, marehemu shemeji yako alirudi nyumbani na kofia yake ya kazi, basi. Tulilishwa na lengalenga, na kabichi, na matembele. Watoto wangu watano wamesoma kwa matuta haya. Hata leo, mboga ya sokoni Likasi inatoka hapa alfajiri juu ya baiskeli ikiwa bado na umande. Atakayekata bonde hili vipande atakuwa amenikata mimi.

Kwa hiyo nimepima siku tisa, mimi na akina mama wa kwaya. Watu wengi wako sawa. Rosalie, jirani yangu wa juu, choo chake kilikuwa meta ishirini na mbili kutoka kisima cha jirani. Nikamwambia afukie, achimbe kipya. Alilia. "Mwalimu, weye uko na roho nguvu! Choo iko mupya, hata mwaka haiyafika!" Nikamjibu sheria ni msumeno. Amechimba. Hanisalimii vizuri, lakini amechimba.

Habari za nyumbani: Hadassa na mume wake Elie wanakaa kwangu tangu Aprili, katika ile nyumba ndogo ya chini. Elie anachomelea vyuma Shituru. Kuishi lupango mmoja na mkwe wa kiume, ndugu yangu, ni kazi nyingine. Unajua mila yetu. Mimi ni mama-buko wake: macho yetu hayakutani, hatuli pamoja, kile ninachotumia mimi yeye hakigusi. Asubuhi akitaka kutoka anakohoa mara mbili, mimi naingia jikoni. Nikitaka kwenda bustanini napiga ndoo, yeye anafunga mlango. Tunaheshimiana mpaka tunachoka. Uso wake sijautazama tangu ndoa, lakini nasikia anavyomsemesha mwanangu, na moyo wangu umetulia.

Mchoro uko ndani ya bahasha. Upiganie.

Yaya yako,
Berthe


Lubumbashi, 2 Julai 2023

Yaya,

Mchoro mzuri sana. Mkubwa wangu ameutazama, akauliza ulisomea wapi.

Lakini umepima malupango thelathini na saba. Kansenge ina thelathini na nane. Wako uko wapi? Mganga hajigangi?

Damas


Kansenge, 9 Julai 2023

Damas,

Mganga ana macho. Lupango wangu unaujua, umemaliza humo likizo zako zote ukila mapapai yangu. Choo kiko nyuma ya mipapai, pale pale ulipokiacha. Kisima kiko pale pale. Andika meta arobaini na usinitembeze na kamba peke yangu, watu watafikiri nimerukwa na akili.

Nakutumia kabichi nne. Moja mpe mkubwa wako anayependa michoro.

Berthe


Lubumbashi, 12 Desemba 2023

Yaya Berthe,

Haleluya, niseme kama ninyi! Tume imekubali. Kansenge ni eneo la mashamba kwa miaka ishirini. Hakuna bomba, hakuna kukata malupango. Bado sahihi ya mwisho, tarehe 15 Machi, na hiyo ni sherehe tu.

Mjumbe mmoja, mzee mwenye miwani, aliuliza ni nani aliyepima. Nikasimama. Nikasema, ni dada yangu, amefundisha miaka thelathini na moja na hajawahi kumwongezea mtoto hata nusu alama. Walicheka, wakapitisha. Nilijivunia wewe mpaka nikakosa pa kuweka mikono.

Hadassa amenitumia ujumbe kwamba ana mimba, Aprili tutapata mjukuu. Atazaliwa mahali penye mboga na hewa. Hiyo ndiyo kazi niliyosomea, Yaya.

Naenda Pweto kwa kazi mwezi wote wa Januari. Huko mtandao hakuna.

Damas


Kansenge, 28 Januari 2024

Damas,

Elie amefariki. Ni Jumatatu iliyopita. Malaria, ile kali. Asubuhi hakwenda kazini, saa tisa alasiri hakuwepo tena. Tumemzika Jumatano. Hadassa alikupigia, hukupatikana, hakuna anayekulaumu.

Usije. Mvua imeharibu barabara na matanga yamekwisha.

Kisima nimekifunika kwa mbao, majani yanaangukia ndani. Tunachota kwa Rosalie.

Ile karatasi ya tume iendelee.

Berthe


Kansenge, 20 Februari 2024

Mjomba Damas,

Shikamoo. Rambirambi zako nimezipata. Umeandika pole kwa malaria. Mjomba, Elie hakufa kwa malaria.

Nakuandikia nikiwa kwa Rosalie, kwa sababu nyumbani siwezi kuandika mama akiwa mlango wa pili.

Elie alianza kuharisha na kutapika saa kumi alfajiri. Kulipokucha akasema ni nafuu, nenda. Nilikuwa na mboga za mama za kupeleka sokoni, matenga mawili. Nikaenda. Hilo nitalibeba mimi. Saa nane na nusu mtu wa baiskeli akanikuta sokoni. Nilipofika, mama alikuwa ameketi nje ya nyumba yetu, juu ya kinu, amegeuza mgongo kuelekea mlango. Aliyekuwa ndani na Elie ni Rosalie. Alikuwa amemwosha na kumfunika. Mume wangu alikuwa ameshapoa.

Mama aliogopa kumwona mkwe wake katika hali ile, amechafuka, hana nguo. Ni aibu kubwa kuliko zote, najua, nimelelewa hivyo. Alituma watoto wa njiani wamtafute mwanaume wa kumbeba, na wanaume wote walikuwa kazini. Rosalie alisikia akiwa kwake, akaja mbio. Alimkuta mama bado ameketi pale.

Siku ya tatu wauguzi walikuja kunyunyiza dawa. Wakasema kipindupindu. Wakauliza choo kiko wapi, kisima kiko wapi. Mmoja akatazama huku, akatazama kule, akatikisa kichwa. Kwa waombolezaji mama aliendelea kusema malaria. Wiki iliyofuata mama Fidélie, wa nyumba ya tatu, anayechota kwetu, naye aliugua. Yeye amepona.

Sasa nikuambie usichokijua. Elie asingeweza kutumia choo cha mama-buko wake. Hata wewe usingeweza. Mwezi wa tano alichimba chake, na mama ndiye aliyemwonyesha mahali, kupitia kwangu. Mahali pengine palikuwepo, kule juu kwenye matuta ya kabichi. Elie alinituma nimwombe. Mama akasema, "Matuta yangu haiguswe." Basi akachimba chini, karibu na kisima. Ni hatua kumi na moja, nimezihesabu. Kamba yako ilipofika mwezi wa sita, choo kilikuwa kimekwisha.

Mimi nilikuwa nachemsha maji yangu kwa sababu ya mimba. Elie alikataa tumalize makala ya jiko kwa kuchemsha. Alisema yeye ni mwanaume, anakunywa ya baridi.

Nasikia karatasi yenu inasema kisima chetu ni salama. Mjomba, nani aliandika hivyo?

Hadassa


Lubumbashi, 26 Februari 2024

Yaya,

Hadassa ameniandikia. Nimeisoma barua yake ofisini, nikatoka nje, nikasimama uani mpaka mlinzi akaniuliza kama naumwa.

Sikukaripii. Ningekukaripia kwa mdomo gani? Niliona lupango wako haumo, nikafanya mzaha wa mganga, nikaandika arobaini kwa mkono wangu. Na kabla ya hapo niliandika kosa kubwa zaidi: choo kimoja kwa kila lupango. Mimi, mtoto wa Baluba, nimeketi hapa na rula na kalamu nzuri, nikasahau kwamba kwetu mkwe hawezi kuingia choo cha mama-buko. Sheria ile haikuwezekana kwako tangu siku niliyoiandika. Ungeniambia, ningecheka, ningeifuta. Lakini hukuniambia, na mimi sikuuliza.

Sasa sikiliza. Sahihi ni tarehe 15. Nikipeleka kipimo kipya cha nyumba moja, tume itarudi kupima zote, na mpango wa mashamba utaanguka. Bomba litashuka. Unajua litashuka na nini.

Nikinyamaza, bonde linabaki. Kisima kimefunikwa. Elie hafufuki.

Nimeandika maneno hayo, nami nayaacha uyaone, kwa maana nimeyafikiria. Idi anarudi huku Jumamosi. Ukiniandikia kwamba mchoro uko sawa, sitakuuliza tena maisha yangu yote. Nakuogopa, Yaya, na leo najiogopa mwenyewe.

Damas


Kansenge, 1 Machi 2024

Damas,

Choo cha Elie kiko meta nane na nusu kutoka kisima. Nimepima jana, mbele ya watu. Mchoro mpya uko ndani ya bahasha, una sahihi yangu na sahihi ya shefu wa kartie, mkubwa wa mtaa wetu. Ule wa kwanza uuchane.

Niliwaita wote kanisani nikawaambia. Nilisimama pale mbele ninaposimamaga kuhesabu sadaka za akina mama, nikasema: nimedanganya, na mkwe wangu amekufa. Kisha Rosalie akasimama. "Minye nilichimba mara mbili, mwalimu. Mara mbili, na mugongo yangu hii. Weye ulisimama pale na kamba." Nilisema ndiyo. Akasema, "Basi twende tupime." Akashika ncha moja, mimi nikashika nyingine. Ningependa angenitukana, lakini alishika kamba vizuri tu, kama alivyoshika miguu ya Elie.

Tulipomaliza kwangu, mama Carine akainua mkono, akasema na kwake kuna choo cha pili, cha mkwe. Halafu mwingine. Tumekuta vitano, Damas. Vitano vyote vya wakwe, vyote vimefichwa nisivione nilipopita, na mimi nilipita upesi kwenye kila nyumba yenye binti aliyeolewa, kwa sababu nilijua nitakachokiona. Hilo nalo liandike.

Wengine walinijia jioni. Walisema kwa upole, mwalimu, nyamaza, tutafukia hivyo vitano kimya kimya na bonde litabaki. Nimewaambia watafukia, lakini watoto wao wataolewa tena, na wakwe watakuja tena, na mtu ataogopa tena kusema. Na uchafu ule umeshakwenda chini, kwenye maji. Mama Fidélie aliugua kwa maji yangu. Lete bomba lako. Litakapopita litapita kwenye kabichi zangu kwanza, nimeonyesha mahali kwenye mchoro. Wakikata malupango, wakate.

Usifikiri nimekuwa jasiri. Leo asubuhi nimekwenda kwenye matuta, nimekaa chini kwenye udongo, nimelia kwa sauti kama mtoto. Bonde hili lilinilea uzeeni na nimeliuza kwa mkono wangu kwa sababu sikutaka kupoteza matuta manne ya kabichi. Kisha nimeona haya, kwa maana kwa ajili ya Elie sikuweza kulia hivyo.

Hadassa ameondoka jana na Idi mpaka stesheni. Amekwenda Bukama kwa watu wa Elie, atajifungulia huko. Nilimwekea nguo za mtoto mlangoni. Amezichukua, mimi hakunitazama.

Bila shaka amekuandikia kwamba niliketi juu ya kinu nimegeuza mgongo. Ni kweli. Kuna jambo asilolijua, na Rosalie pia halijui.

Elie aliniita. Mkwe haniiti, Damas, hajawahi hata siku moja kunisemesha. Lakini saa sita mchana aliita, "Mama." Nilifikiri anamwita mama yake. Akaita tena, "Mama Berthe, minye niko na kiu." Kwa jina langu. Niliondoka pale nikaenda kisimani, nikachota, nikaweka kikombe kizingitini, nikageuka. Nilisikia anatambaa. Alikunywa, akasema, "Aksanti, mama." Nikamletea cha pili, akashukuru. Nikamletea cha tatu. Nilifurahi kwamba anakunywa. Nilijiambia, mtu anayekunywa hafi. Maji yalikuwa ya baridi, sikuyachemsha, sikuweka chumvi wala sukari, na nilikuwa nimewafundisha watoto wa shule kuweka chumvi na sukari miaka thelathini na moja.

Muuguzi anasema si hayo yaliyomuua, alikuwa ameshaharibika tangu usiku. Muuguzi ni kijana mwenye huruma.

Siwezi kumwambia Hadassa. Mwambie wewe, lakini asubiri mtoto azaliwe.

Yaya yako,
Berthe